Kutafuta ukoo kupitia matangazo ya vifo na madaftari ya zamani: maswali yanayorudi kila mara Lubumbashi

Majibu haya ni kwa yule ambaye nkambo wake (babu au bibi) alifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa kazi ya Union Minière (kampuni ya migodi), ya reli ya BCK au ya nyumbani kwa mzungu, akaacha kijiji Lomami, Kasai, Maniema, Rhodesia Kaskazini (Zambia ya leo) au Rwanda. Leo wajukuu wanajua kambi aliyoishi lakini hawajui alikotoka. Njia ya kurudi ipo. Ni ndefu, na ina mitego inayojulikana.

## Kuanza

Nianze na gazeti au na wazee?

Na wazee, tena wiki hii. Gazeti la 1958 litakungoja. Shangazi wa miaka 84 hatakungoja.

Usimwulize mzee "alizaliwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili akuridhishe. Mwulize kwa matukio: wakati wa Tshombe kutangaza Katanga kuwa nchi huru (Julai 1960 hadi Januari 1963) alikuwa amekwisha olewa? Jiji lilipobadilishwa jina mwaka 1966 mtoto wa kwanza alikuwa anatembea? Wakati wa vita ya Kolwezi, Mei 1978, nkambo alikuwa hai? Matukio matatu ya namna hiyo yanabana tarehe kuliko mwaka mmoja wa kukisia.

Kabla ya kuaga, pata mambo manne: majina yote ya mtu (la kijiji, la ubatizo, la utani), kambi au kartye (mtaa) alikochukulia mposho (mgao wa chakula), parokia alikosali, na wajina wake ni nani. Wanawake wazee mara nyingi wanakumbuka watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na wale waliokufa wachanga ambao wanaume huwaruka. Rekodi sauti kwa simu, na mwanzoni mwa rekodi taja tarehe na jina la anayesema.

Tangazo la kifo lina faida gani, wakati nimeshajua kwamba nkambo alikufa?

Faida yake haimo kwenye jina la marehemu. Imo kwenye orodha ya waliobaki. Tangazo ni picha ya ukoo iliyopigwa siku moja: mjane na jina la kwao, watoto na miji waliyoishi siku ile, wakwe, familia zilizoungana kutangaza. Asomaye tangazo akaishia kwenye jina la aliyekufa ameacha robo tatu ya mali mezani.

Nkambo alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa mgodi. Atakuwa gazetini kweli?

Inategemea mwaka. *L'Étoile du Congo* lilianza 1911 na *L'Essor du Congo* 1928, na yote mawili yalikuwa magazeti ya wazungu wa mji. Vifo vilivyotangazwa humo ni vya Wabelgiji, Wagiriki, Waitaliano, Wayahudi wa kutoka Rhodes. Mkongomani alitokea kwenye habari za ajali, za mahakama au za medali, na mara nyingi kwa jina moja tu. *Ngonga*, lililoandikiwa Wakongomani, liliishi muda mfupi, 1934 na 1935.

Mambo yanabadilika mwaka 1957, Union Minière ilipoanzisha *Mwana Shaba*, gazeti la wafanyakazi wake. Humo utawakuta wanaostaafu, wanaopewa medali, wanaooa, wanaofariki, mara nyingi na picha. Baada ya uhuru, matangazo ya Wakongomani yanaongezeka katika magazeti ya mji, kwanza *L'Essor du Katanga*, na wakati wa Zaïre gazeti la *Mjumbe*. Kwa hiyo kama mtu wako alikufa 1943, usipoteze miezi kwenye magazeti: nenda kwenye parokia na faili la kampuni (tazama "Madaftari").

Magazeti hayo yako wapi?

Hapa mjini, ulizia maktaba za Chuo Kikuu cha Lubumbashi na za mashirika ya watawa yaliyokaa muda mrefu, hasa Wasalesiani, waliofika 1911. Usisahau masanduku ya wastaafu wa Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière: *Mwana Shaba* lilisomwa nyumbani, na nakala yenye picha ya baba haikutupwa. Ubelgiji, magazeti ya koloni yanatafutwa Maktaba ya Kifalme (KBR) Brussels na Makumbusho ya Afrika, Tervuren.

Ukiandika barua pepe kwa maktaba ya mbali, usiombe "habari zote za familia Kasongo". Omba gazeti moja na kipindi kifupi: "*L'Essor du Congo*, 9 hadi 21 Machi 1959, ukurasa wa matangazo ya vifo". Ombi kama hilo linajibiwa.

## Kusoma tangazo lenyewe

Nisomeje ili nisipitwe na kitu?

Chukua mfano huu, uliotungwa ili kuonyesha namna ya kusoma. Gazeti ni la Jumamosi 14 Machi 1959:

*Familia Ilunga, Mwamba na Kasongo. Vve Marie Ilunga née Ngoie. Jean wa Jadotville, Albert wa Kolwezi. Wajukuu na ndugu wote wanatangaza kwa huzuni kifo cha Joseph Ilunga, mwana wa feu Kabange, mstaafu wa U.M.H.K., kilichotokea Alhamisi.*

Alhamisi ni ipi? Rudi nyuma kutoka tarehe ya gazeti: 12 Machi. Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kuandika tarehe ya gazeti kuwa tarehe ya kifo. "Vve" ni mjane. "Née Ngoie" ndilo jina la kwao, na limekufungulia upande mzima wa nkambo mwanamke. "Feu Kabange" maana yake baba wa marehemu alikuwa amekwisha kufa kabla ya 1959. Jadotville ni Likasi ya leo, kwa hiyo uzao wa Jean utafutwe huko. Familia tatu zinazotangulia ni milango mitatu: mmoja huwa wa baba yake, mwingine wa mama yake au wa ukweni. Usiamue upi ni upi mpaka uwe na karatasi nyingine. "Mstaafu wa U.M.H.K.", yaani wa Union Minière du Haut-Katanga, ni ahadi ya faili la kampuni.

Na Kabange? Kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha. Kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Ukiliona moja, mtafute pacha mwenzake, lakini kumbuka kwamba mtoto hupewa pia jina la mzee aliyekuwa pacha.

Tangazo linataja "watoto" kumi na wanane. Wote ni wake?

Huenda si wote. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, na baba mukubwa ni baba. Wanaoandika tangazo usiku wa matanga hawafikirii mchoro wa ukoo. Waandike wote kwenye daftari lako kama "anaitwa mtoto", halafu linganisha na daftari la ubatizo, ambalo linataja baba na mama kwa majina. Hali ni hiyo hiyo kwa "kaka", "dada" na "nkambo".

Sikupata tangazo la kifo. Je, imekwisha?

Tafuta tangazo la mwaka mmoja baadaye. Familia nyingi hazikuwa na fedha wala nguvu siku ya msiba, lakini zilitangaza misa ya kumbukumbu au kutoa matanga. Hayo hutaja tarehe kamili ya kifo: "ni mwaka mmoja tangu…". Pia tafuta shukrani, ambazo huchapwa wiki mbili au tatu baada ya mazishi na kutaja kambi, parokia na chama kilichosaidia. Matangazo yaliyosomwa redioni hayakuacha karatasi gazetini, ila familia mara nyingine zilihifadhi ile karatasi ya mkono iliyopelekwa studio. Fungua Biblia na vitabu vya nyimbo vya marehemu, ndimo inamokaa.

Kwa nini jina moja lina tahajia tano?

Kwa sababu aliyeliandika hakuwa mwenye jina. Mwandishi wa Kifaransa aliandika *ou* penye *u*, *tsh* penye *ch*, *dj* penye *j*. Padri au karani Mflemi aliweza kuandika *oe* penye *u*. Mwamba anakuwa Muamba au Mouamba. Kyungu anakuwa Kiungu au Tshiungu. Herufi *l* na *r* zinabadilishana. Kabla ya kwenda maktaba, andika kwenye karatasi moja sura zote unazoweza kulitamka jina, na uzitafute zote. Ukitafuta kwa tahajia ya kadi yako ya mpiga kura peke yake utarudi mikono mitupu, kisha utasema hakuna kitu.

Jina la ubatizo limetoweka baada ya 1972. Ni mtu yule yule?

Mara nyingi ndiyo. Mwaka 1972, kwa siasa ya *authenticité* (kurudi kwenye asili), majina ya Kikristo yalipigwa marufuku kwenye karatasi za serikali, na watu wakachukua *postnom*, jina la nyongeza la Kiafrika. Paul Mwamba wa 1965 anaweza kuwa Mwamba wa Ilunga mwaka 1974, kisha Paul tena miaka ya 1990. Uthibitisho unatoka kwenye vitu visivyobadilika: matrikule (namba ya mfanyakazi), jina la mke, namba ya pensheni. Majina ya mahali nayo yana mtego wake. Katanga iliitwa Shaba hadi 1997. Costermansville ni Bukavu, Albertville ni Kalemie, Baudouinville ni Moba, na komine (wilaya ya mji) Albert ya hapa mjini ni Kamalondo.

## Madaftari

Ni daftari gani la kanisa lenye habari nyingi zaidi?

La ubatizo. Watu huomba la mazishi kwa sababu wanafuata kifo, lakini sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka padri aandike pembeni mwa mstari wa ubatizo kipaimara na ndoa ya mtu huyo, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Mstari mmoja unaweza kukupeleka kutoka Elisabethville 1936 hadi Kipushi 1952.

Mstari wenyewe ni Kilatini, nao huwa hivi: *Die 11 Aprilis 1936 baptizavi Joannem, adultum, natum circa 1910, filium Ilunga et Ngoie, patrinus Petrus Mwamba.* Tarehe 11 Aprili 1936 ilikuwa Jumamosi Kuu, siku ya kuamkia Pasaka, siku ya kubatiza wakatekumeni. Kwa hiyo huyu ni mtu mzima aliyefundishwa dini, pengine akiwa tayari kazini. Wazazi hawana jina la Kikristo: huenda hawakubatizwa, na huenda walibaki kijijini. *Circa* ni "kama". Petrus Mwamba, baba wa ubatizo, mtafute: mara nyingi ni mtu wa kijiji kimoja au wa kambi moja, na mstari wake unaweza kutaja kijiji ambacho wa kwako hautaji.

Kilatini hubadilisha miisho na majina: Joannem ni Joannes, yaani Jean. Jacobus ni Jacques, Carolus ni Charles, Gulielmus ni Guillaume, Ludovicus na Aloysius wote huwa Louis.

Niombeje parokiani bila kukataliwa?

Nenda siku ya kazi, si Jumapili baada ya misa. Peleka barua fupi yenye jina, majina ya wazazi, miaka isiyozidi mitano ya kutafutia, na sababu. Ongeza nakala ya kitambulisho chako. Usiombe kufungua daftari mwenyewe. Omba katibu akusomee mstari, na uombe asome hata kilichoandikwa pembeni. Pembeni ndiko wengi wanakosahau. Kama parokia ilizaliwa baadaye, daftari la zamani liko kwenye parokia mama. Katanga ya kusini ilianzwa na Wabenediktini wa Saint-André ya Bruges tangu 1910, kwa hiyo barua za misheni zinatafutwa huko. Upande wa Tanganyika, Mpala na Kirungu ni wa Mapadri Weupe, wenye kumbukumbu zao Roma. Wametodisti wana hifadhi yao kuu Chuo Kikuu cha Drew, Marekani.

Faili la Union Minière lina nini?

Kampuni iliyoundwa 1906 na kutaifishwa mwanzoni mwa 1967, na baadaye kuwa Gécamines, iligawa mposho kwa kuhesabu vichwa. Ili kugawa chakula kwa mke na watoto ilibidi iwaandike. Ndiyo sababu faili la mfanyakazi lina muundo wa familia, mara nyingi sahihi kuliko karatasi ya serikali ya wakati ule: mke, watoto na tarehe zao, vifo vyao, kambi, kijiji cha asili, chifu, aliyemwandikisha.

Ufunguo ni matrikule. Itafute kwenye buku la kazi, kadi ya hospitali, diploma ya medali, karatasi ya pensheni ya INSS (leo CNSS), na kwa waliotoka 2003 na 2004, karatasi za *départs volontaires* (kuacha kazi kwa hiari). Bila matrikule karani ataona akina Ilunga mia. Kumbukumbu za kampuni upande wa Ubelgiji zimewekwa Hifadhi ya Taifa, Brussels, ila hizo zina habari nyingi za uongozi na uajiri kuliko za mtu mmoja mmoja. Faili la mtu litafute hapa kwanza.

Na kwenye komine?

Wakati wa koloni, vitabu vya *état civil* (usajili wa raia) vilikuwa hasa vya wazungu na wachache waliosajiliwa kama wao. Mkongomani aliandikwa kwenye sensa ya chefferie (eneo la chifu) yake na kwenye *livret d'identité* (buku la kitambulisho). Hilo buku dogo ni dhahabu: linataja kijiji, chefferie, territoire, baba na mama. Kama liko nyumbani, lipige picha kurasa zote, hata zenye mihuri tu, maana mihuri ya kuhama inaonyesha njia aliyopita.

Kwa vizazi vya karibu, komine inafuata *Code de la famille* (sheria ya familia) ya 1987, iliyorekebishwa 2016. Kuzaliwa hutangazwa ndani ya siku 90. Baada ya hapo inahitajika hukumu ya mahakama. Hukumu hizo za kuchelewa zinataja mashahidi, na mashahidi huwa ndugu.

Umri kwenye karatasi unatofautiana miaka minane. Niamini upi?

Iamini karatasi iliyoandikwa mapema na mtu aliyekuwa na sababu ya kujua. Mtoto aliyebatizwa mchanga ana tarehe nzuri. Mwanaume aliyeajiriwa alikadiriwa umri kwa kuangaliwa mwili tu, ndiyo maana "vers 1910" (kama 1910) na "vers 1920" ni nyingi mno. Umri wa kwenye tangazo la kifo ndio dhaifu kuliko yote: umetolewa na wenye majonzi, na wenye majonzi huwaongezea wazee miaka. Usifute tarehe yoyote. Ziandike zote, kila moja na karatasi yake.

## Hali ngumu

Sisi ni Babemba. Kwa nini tangazo linamtanguliza mjomba?

Kwa sababu ukoo wenu unapitia kwa mama. Hali ni hiyo kwa Walamba na Wahemba pia. Mchoro unaoshuka kutoka baba kwenda mwana utawapoteza. Chora mstari wa mama, nkambo mwanamke na ndugu zake wa kiume. Mrithi wa jina au wa cheo akitajwa gazetini, usimwandike kuwa mwana wa marehemu. Huenda ni mpwa.

Nkambo alitoka Rwanda au Rhodesia Kaskazini.

Union Minière iliandikisha watu Rwanda-Urundi kuanzia 1925 hadi mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, na Rhodesia Kaskazini kabla ya hapo na sambamba. Faili lake litataja chifu wa kule. Chukua jina hilo la chifu, ndipo uandikie Hifadhi ya Taifa ya Zambia, Lusaka, au misheni ya eneo lile Rwanda. Kuandika "alitoka Rhodesia" bila chifu ni kama kutafuta mtu sokoni kwenye komine Kenya ya hapa mjini kwa kusema ana shati la buluu.

Baba wa mama yetu alikuwa mzungu na hakumtambua.

Watoto machotara wengi walichukuliwa na serikali ya koloni wakawekwa kwenye misheni, kama Save huko Rwanda na Katende huko Kasai. Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliihukumu serikali hiyo kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu katika kesi ya wanawake watano. Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji ina kazi maalumu ya kuwasaidia machotara na watoto wao kuona mafaili. Andika kama mtoto au mjukuu, ambatisha uthibitisho wa uzao, taja misheni. Mafaili hayo yana maneno ya ukatili kuhusu mama. Asisome mzee peke yake.

Familia yetu ya Kasai ilifukuzwa Katanga 1992 na 1993, karatasi zote zilibaki.

Kilichopotea ni nakala za nyumbani. Daftari la ubatizo lilibaki parokiani, faili lilibaki kampuni. Anza na parokia ya hapa, kisha ile ya Kasai walikofikia, kwa sababu watoto waliohitaji kipaimara au ndoa waliomba vyeti kutoka Likasi na Kolwezi, na barua hizo zinawekwa.

Kaburi halionekani tena.

Msalaba wa mbao hauvuki masika mengi. Uliza ofisi ya mazishi ya mji au ya komine kama daftari la mwaka ule lipo, ukiwa na tarehe kamili (ndiyo sababu ya kuhesabu ile Alhamisi). Ukilikuta kaburi la saruji, angalia maandishi jua likiwa chini, asubuhi au jioni: kivuli huinua herufi zilizochorwa kwa kijiti. Usizikwangue wala kuzipaka chaki.

## Kupiga picha na kutunza

Nipigeje picha gazeti la zamani?

Kwanza kichwa cha gazeti chenye tarehe, halafu ukurasa mzima, halafu tangazo lenyewe. Bila picha ya kwanza zile mbili ni karatasi zisizo na kwao. Simu iwe sambamba na ukurasa, mwanga wa dirisha, bila flashi. Usilazimishe jalada kulala wazi. Karatasi ya gazeti ina asidi na hukatika kwenye mkunjo. Andika kwa penseli tu. Siku hiyo hiyo ipe picha jina kama *1959-03-14_Essor_uk4_Ilunga*, na weka nakala kwa ndugu wawili wa miji tofauti.

Na karatasi za nyumbani?

Usizifunike kwa plastiki ya moto wala kuzibandika kwa utepe: gundi hugeuka kahawia na kula wino. Kabla ya mvua za Novemba, ziweke kwenye bahasha za karatasi ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa matofali, mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa. Lifungue kila mwezi wakati wa masika. Ukikuta ukurasa umelowa, utandaze kivulini juu ya kitambaa; jua litaukunja, na ukiukunjua kwa nguvu utapasuka penye jina.

Naweza kuweka mti wa ukoo kwenye intaneti?

Waliokufa, ndiyo, baada ya kuwaambia wakubwa wa familia. Tovuti ya FamilySearch ni bure. Walio hai waache bila majina wala tarehe za kuzaliwa. Kabla hujaweka jina la mtoto wa nje ambaye umemgundua kwenye daftari, nenda kwanza kwa mkubwa wa ukoo, kaa naye chini, mwonyeshe picha ya mstari, na umsubiri aseme yeye nani aambiwe na nani aambiwe lini.